Kesi ya Nguzo Isiyo na Kibao

Jumanne, 5 Agosti

Mamangu husema nilizaliwa miguu kwanza. Yaani niliingia dunia hii kwa rivasi, na sikugonga kitu. Ndiyo maana Kibera nzima, kutoka Laini Saba hadi Olympic, hakuna dereva anayepaki gari kama mimi. Nipe tundu la sindano. Nitaingiza pikapu na nibakishe nafasi ya uzi.

Leo hiyo pikapu imefungwa klampu.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Tenti mbili, viti vya plastiki, kamba, vigingi. Mama Halima anakodisha tenti na viti, harusi na matanga, Mungu ndiye anajua kesho ni gani. Mimi naendesha. Kevo anabeba. Leo ilikuwa harambee ya kanisa, Kawangware. Nikasimama kando ya barabara karibu na soko. Mahali wazi. Hakuna mstari, hakuna kibao. Tukabeba mizigo ndani. Kurudi, chuma ya manjano imeng'ata gurudumu la mbele kama mbwa ameshika mwizi.

Askari wa paking alikuwa anaandika karatasi, hana haraka. Akasema hapa hapakubaliwi, si unaona nguzo? Nikamwambia nguzo naiona, kibao je? Akasema nguzo ndiyo kibao.

Nguzo ndiyo kibao! Nimedanganywa na wasichana, nimedanganywa na mwalimu wa hesabu, lakini si hivyo.

Akasema njia ni mbili. Ukubali ulipe leo, ama ukatae, Alhamisi uende kortini. Kevo akanifinya. "Lipa twende, buda." Lakini watu walikuwa wamejaa wakiangalia. Mama mmoja anayechoma mahindi hapo alikuwa ameacha kugeuza. Nikasikia mdomo wangu ukisema: nipeleke kortini.

Yule mama akapiga makofi, wengine wakafuata. Nilijisikia mrefu. Nikabaki mrefu hadi watu walipotawanyika.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Halima hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. Ni Mnubi wa Makina, hapa hapa Kibera, damu ya wanajeshi, na silaha yake ni kunyamaza. Alienda mwenyewe kuiwekea pikapu dhamana, akarudi nayo hadi mlangoni, akazima injini, akachomoa ufunguo. Akaufunga kwenye ncha ya leso. Mafundo mawili.

"Ulikuwa umeenda kuona msichana."

Wallahi sikuwa. Na mimi si Mwislamu, nimeapa tu kwa heshima yake. Msichana wa Kawangware aliniacha mwezi wa sita.

"Haya," akasema. "Kama huna makosa, korti itasema. Ukishinda, kuja uchukue ufunguo. Ukishindwa, Kevo ana leseni."

Kevo ana leseni! Tangu lini? Kumbe tangu wiki jana. Amekaa nayo mfukoni kimya kama mtu ameoa mke wa pili. Nikamwangalia. Akaanza kuhesabu viti.

Kwa hivyo ni hivi. Nikishinda, mimi ni dereva. Nikishindwa, nitabebea Kevo viti, na Kevo ataniambia, "Kaza mgongo, Baro." Siwezi. Afadhali nirudi shule. Lakini shule haitanitaka. Tuliachana kidato cha pili na kila upande ukashukuru.

Leo nimetembea. Nilikuwa nimesahau reli ya Laini Saba iko na kokoto kali namna hiyo.

Nina hasira. Na uoga kidogo. Naandika hapa tu, sitasema kwa mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Korti. Hata sijui nianzie wapi.

Nilidhani kutakuwa na kelele na nyundo. Hakuna nyundo. Kuna mabenchi, na sisi wenye dhambi tumebanana: wachuuzi, makanga, mzee mmoja aliyefunga mbuzi kwenye taa za barabarani. Tulikuwa tunaongea kama sokoni. Halafu mlango wa ndani ukagongwa. "Simameni!" Akaingia mwanamke mfupi, mwembamba, mtu ningeweza kumbeba pamoja na kiti chake. Akakaa. Chumba kizima kikakaa kwa adabu. Tumbo langu likanguruma na nikaliomba linyamaze. Lilinyamaza! Sijawahi kuona nguvu ya aina hiyo. Hakuinua sauti. Hakuinua hata nyusi.

Nilikuwa nimejitayarisha. Hotuba yote kichwani. Shida ni moja. Mimi siwezi kuanza kuongea bila kusema "ukweli". Mtaa wetu wote tuko hivyo. Ukweli, chai imepoa. Ukweli, Kevo ni mjinga. Ni kama kukohoa kabla ya kuimba.

Nikaitwa. Karani akasoma kwa Kiswahili cha redio: kwamba mimi, siku fulani, mahali fulani, nilisimamisha gari pasiporuhusiwa. "Ni ukweli ama si ukweli?"

Nikavuta pumzi. "Ukweli, mheshimiwa..."

"Amekubali," karani akasema, tayari anaandika.

Hivyo tu. Hotuba ikakwama kooni kama mfupa wa tilapia. Niliona fundo la leso ya Mama Halima. Niliona Kevo kwenye usukani, kiwiko nje ya dirisha. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Mimi. Hakuna kilichotoka.

Hakimu akainua kalamu. Akaniangalia juu ya miwani.

"Karani, hebu ngoja. Kijana, hiyo ukweli yako ni ya kukubali, ama ni ile ya kuanza stori?"

Korti yote ikacheka. Hata polisi wa mlangoni. Hata mzee wa mbuzi.

"Ni ya kuanza stori, mheshimiwa."

"Basi stori tutaisikia siku yake. Andika si ukweli."

Nilitaka kupiga magoti. Mtu amesoma hadi vitabu vikaisha, amekaa juu kule chini ya nembo ya serikali, na bado anajua vile sisi tunakohoa. Alijulia wapi? Nani alimfundisha? Nimetembea hadi nyumbani nikijiuliza, na kokoto sikuzisikia.

Kesi ni tarehe ishirini. Nilete picha, na shahidi kama ninaye.

Jumatatu, 11 Agosti

Kawangware kwa mguu. Nimepiga nguzo picha: mbele, nyuma, ubavu, kutoka kwa macho ya dereva, kutoka chini kama mlevi. Vijana wakaniuliza kama nguzo inauzwa. Nikawaambia ni ya mjomba, ana bei ya familia.

Ukweli (hii ni ya kukohoa), ni nguzo ya kusikitisha. Kutu mwili mzima. Juu msumari mmoja. Kwenye msumari kumetundikwa mfuko wa mahindi mabichi, na chini yake ndipo anapokaa yule mama wa makofi, jiko mbele, nguzo mgongoni. Anaitwa Mama Nafula. Moshi wake umepaka nguzo rangi nyeusi hadi nusu.

Nikamwambia shida yangu. Nikamwomba awe shahidi. Aseme tu alichoona.

Aligeuza mahindi yote kwanza, moja moja.

"Korti ni ya watu wamekosa. Mimi nimekosea nani?"

Nikamwambia ni maneno machache tu.

"Na nani atageuza mahindi?"

"Kevo," nikasema. Kevo hajui bado.

Akacheka kidogo. Halafu akaacha. "Sikia, kijana. Wewe ukimaliza kesi utaenda kwenu Kibera. Mimi na hawa askari tutaamka hapa hapa kesho. Hawanisumbui, siwasumbui. Hii nguzo ndiyo nyumba yangu ya mchana."

Nikanunua hindi, la ndimu na pilipili. Lilikuwa tamu na nilikuwa na huzuni. Nikarudi.

Bila shahidi nimeisha. Najua.

Alhamisi, 14 Agosti

Harusi Olympic. Kevo aliendesha. Alipaki mbali na ukuta, ungedhani ukuta una tetekuwanga. Nilibeba viti.

"Kaza mgongo, Baro."

Alisema. Nilijua atasema, na alisema.

Jumapili, 17 Agosti

Nilirudi kwa Mama Nafula. Sikuomba kitu. Nilikaa kwenye kreti ya soda nikapepea moto. Wateja wakadhani mimi ni mtoto wake, na yeye hakukataa.

Baadaye akauliza, bila kuniangalia. "Huyo mama wa tenti amekunyang'anya ufunguo kweli?"

Kweli.

"Na huna kazi nyingine?"

Sina. Nina mdomo tu.

"Huo nimeuona."

Akapuliza makaa. Akaniambia mume wake alikuwa dereva wa lori la mchanga. Siku moja mchanga ulipungua, akaambiwa ameuza njiani. Hakuwa ameuza. Ulipakuliwa na wenye mali wenyewe, mbele ya watu, mchana. Watu wote waliona. Hakuna aliyefungua mdomo, akafutwa, akarudi nyumbani Bungoma na hakuwa mtu tena. "Wale waliona walikuwa watu wazuri," akasema. "Walikuwa na biashara zao tu za kulinda. Kama mimi hapa."

Mahindi yanapasuka.

"Nitakuja. Lakini niambie, huko watu huvaa nini?"

Nilishindwa kusema asante vizuri. Niliongeza tu makaa. Yakawa mengi, hindi moja likaungua, akanigonga kwa upepeo.

Jumatano, 20 Agosti

Ni kama mtu amenionyesha mlima na nilikuwa nadhani ni wingu.

Mama Halima alikuja. Hakuniambia anakuja. Nilimwona amekaa benchi ya nyuma, buibui nyeusi, ncha ya leso ndani ya ngumi. Kevo alikuwa Kawangware akichoma mahindi ya Mama Nafula, kwa amri ya Mama Halima. Nimesikia aliuza mahindi magumu kama jiwe na alilia moshi siku nzima. Mungu yuko.

Askari wa paking alianza. Hakudanganya, lazima niseme. Alisema hapo pamekatazwa tangu zamani, nguzo ipo, wenyeji wanajua. Nikaulizwa kama nina swali. Nikamuuliza mimi wa Kibera ningeambiwa na nani. Akafikiri. Akasema hajui. Nikaonyesha picha zangu, hata ile ya mlevi.

Halafu Mama Nafula.

Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya kuazima. Mikono bado na masizi kwenye kucha. Alipanda kizimbani, akaapa, akatulia kama amekaa kwa jiko.

Mwendesha mashtaka alimuuliza kwa upole kama anajua hapo hapakubaliwi gari.

"Ningejuaje? Kusoma najua. Hapo hakuna cha kusoma."

"Hakujawahi kuwa na kibao?"

"Kilikuwa. Watu wa vyuma chakavu wakaenda nacho, Nafula akiwa bado ananyonya. Sasa Nafula ako sekondari. Ulibaki msumari. Nikautundikia mfuko, usikae bure."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alikuwa anaandika. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijawahi kuona. Mama akisema, kalamu inatembea. Mama akinyamaza, kalamu inangoja. Aliposema neno haraka, hakimu aliomba alirudie, na akalirudia, na likaandikwa. Maneno ya mchoma mahindi wa Kawangware, moja moja, kwa mkono wa serikali. Mimi maneno yangu huruka mengi kwa siku na hakuna aliyewahi kuyangoja hata moja. Nilimwangalia Mama Halima nyuma. Naye alikuwa ameinamisha kichwa, kama watu wakisoma dua.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Hakimu alisema sheria inataka onyo ambalo mtu anaweza kuliona. Akasema: dereva hawezi kusoma msumari. Akasema: shtaka limeanguka, mshtakiwa uko huru.

Niko huru. Ufunguo ni wangu.

Akauliza, kabla ya kufunga faili, kama nina lolote la kusema.

Niliangalia nyuma. Benchi zote zilikuwa zinaniangalia. Nikanyoosha shati. Nikaweka sauti kifuani. Nikasema: "Mheshimiwa, naomba korti yako iagize kibao kiwekwe pale. Kipya, kikubwa, kionekane hata na kipofu, ili mwananchi mwingine asiteseke kama mimi nilivyoteseka."

Makofi! Polisi alilazimika kunyamazisha watu. Mzee mmoja akasema huyu ni wakili kabisa. Hakimu aliniangalia muda mrefu kidogo, kalamu hewani. Akageukia mwendesha mashtaka. "Mmesikia ombi?" Akajibu wamesikia, litafanyiwa kazi.

Mama Nafula hakupiga makofi. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Nilidhani viatu vimembana.

Nje, Mama Halima alifungua fundo la kwanza. Akafungua la pili. Akaniwekea ufunguo kwa kiganja na akaufunika na mkono wake.

"Sikukuamini," akasema.

Akaondoka mbele yangu. Kwa Mama Halima, hiyo ni hotuba ya siku nzima.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeendesha kutwa. Kevo amebeba. Kaza mgongo, Kevo.

Wananiita Wakili. Watatu wamekuja na karatasi zao za paking. Nimewapa ushauri bure nikiwa nimekaa juu ya boneti. Usilipe ukiwa na hasira na usitusi mtu. Soma karatasi, tarehe na mahali. Piga picha kabla jua halijahama. Tafuta aliyeona, umheshimu. Siku ya kusomewa, jibu ni "si ukweli", ukome hapo. Usikohoe.

Furaha tupu. Nimelala nikicheka.

Jumamosi, 30 Agosti

Kazi nyingi. Matanga mawili, ruracio moja ya kupeleka mahari, tenti hazikauki. Nilisema nitampelekea Mama Nafula leso mpya. Mama Halima ameichagua yeye mwenyewe, nyekundu. Iko ndani ya gari bado. Wiki ijayo.

Jumamosi, 6 Septemba

Tulikuwa na kazi Kawangware leo. Niliweka leso mbele, kwenye dashibodi.

Kibao kipo. Nguzo mpya, nyeupe. Simiti mbichi chini. Duara kubwa lenye mstari mwekundu, linaonekana kutoka kona ya mbali, hata na kipofu. Wamechora na mistari ya manjano ukingoni mwa barabara. Chini ya duara kuna kibao kidogo: hakuna kusimama, hakuna biashara.

Hakukuwa na moshi.

Nilipaki mbali, nikarudi kwa mguu. Nikamuuliza kijana wa duka la simu. Akasema watu wa kaunti walikuja asubuhi, wapole tu. Walimpa nafasi azime makaa na afunge mahindi yake. Walimwambia ni kwa sababu ya ile kesi. Hakubishana. Aliwaambia anajua, alikuwepo kibao kikiombwa.

Ameenda wapi? Mmoja anasema alionekana upande wa Kabiria, mwingine anasema amerudi Bungoma kupumzika. Nimezunguka Kabiria na pikapu hadi Kevo akaniuliza kama tumepotea. Wachoma mahindi ni wengi. Hakuwa yeye.

Kevo hakunitania leo. Alibeba tenti yote peke yake.

Leso iko hapa mezani. Nimeikunja tena.

Klampu haikuwa shida. Karani hakuwa shida. Kevo na leseni yake si shida. Kesi nilikuwa nimeishinda, faili inafungwa. Kitu kimoja tu ndicho kiliharibika, na ni ile sentensi ya mwisho. Hakuna aliyeihitaji. Niliisema kwa sababu watu walikuwa wananiangalia, na yeye alikuwa amekaa hapo, na sikumuuliza.

Ningesema asante. Ningekaa chini.